Ryzen 5 2600: inafika gigahezi 4.0 kwa usalama, si zaidi

Prosesa ya AMD Ryzen 5 2600, iliyoingia sokoni Aprili 2018, ina viini 6 na kasi ya msingi ya gigahezi 3.4, ambayo hupanda yenyewe hadi 3.9 kazi inapokuwa nyepesi. Kizidishio chake (namba inayozidishwa na megahezi 100 ili kupata kasi) hakikufungwa, hivyo mwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, ya aina ya B450 au X470 anaweza kuipandisha kwa mkono. Mwenye A320 hana nafasi hiyo. Nimeitumia miaka miwili kuhariri video, na naipendekeza kwa dhati kwa anayetaka kuiongezea kasi, mradi akubali kuishia 4.0.

Sababu ni joto. Kwa kasi ya 4.0 prosesa yangu ilitulia kwenye volti 1.30, ilhali kwa 4.1 kompyuta iliganda mara tatu katikati ya jaribio la Prime95, programu inayoichosha prosesa kwa makusudi, na haikutulia hadi nilipofika volti 1.40. Kwa kuwa umeme unaotumika hukua kwa kipeo cha pili cha volti, na pia kwa kasi, nyongeza hiyo inayoonekana ndogo huzidisha matumizi, na joto pamoja nayo, kwa takriban asilimia 19, wakati kasi inayopatikana ni asilimia 2.5 tu. Hiyo ni hasara tupu.

Kipoozeo cha Wraith Stealth kinachokuja ndani ya boksi ni cha alumini, na kimekusudiwa kasi ya kiwandani. Mimi nilinunua chenye mabomba manne ya shaba na feni ya milimita 120, nikaweka pesti mpya ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozeo, kiasi cha punje ya choroko. Chumbani kwangu Dar es Salaam, siku ya Februari ambayo hewa ilikuwa na nyuzi 32, baada ya saa nzima ya jaribio HWiNFO, programu ya kusoma sensa za kompyuta, ilionyesha nyuzi 78, mbali na ukomo wa 95 uliowekwa na AMD.

Volti isiachwe kwenye otomatiki kamwe. Mazabodi yangu ya kwanza, nilipoandika 40 kwenye kizidishio (yaani gigahezi 4.0) bila kugusa kingine, ilipeleka volti 1.45 yenyewe, na nisingejua kama nisingetazama sensa. Iandike mwenyewe, panda kidogo kidogo, na ujaribu kila hatua kabla ya kuendelea. Fahamu pia kwamba dhamana ya AMD haifidii uharibifu unaotokana na kuongeza kasi, hata ukitumia programu yao wenyewe ya Ryzen Master.