Spika mbili kwanza: uzoefu wangu na Yamaha RX-V385 ya mtumba

Nilikuwa na shilingi milioni moja na laki mbili. Kwa hela hiyo, hapa Dar es Salaam, unaweza kutoka Kariakoo na boksi jipya lenye spika tano, sabufa na deki yake, na ukabaki na nauli ya bajaji. Mimi nimerudi na risiva ya sauti ya mtumba, Yamaha RX-V385, pamoja na spika mbili za Wharfedale Diamond 9.1, nazo za mtumba. Nyumbani wakazihesabu, wakaniuliza zingine zimebaki wapi. Hazikubaki popote. Nilikusudia mbili.

Risiva ninayoisema hapa si ile ya dishi. Hii ni amplifaya inayopokea kila kitu: king'amuzi, deki ya Blu-ray, mashine ya gemu, vyote vinaingia kwa HDMI, kisha picha inakwenda kwenye TV kwa waya mmoja na sauti inakwenda kwenye spika ulizochagua mwenyewe. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonitoa kwenye maboksi. Kwenye boksi, amplifaya na spika zimefungishwa ndoa isiyo na talaka. Plagi ni za kwao peke yao, na mara nyingi amplifaya yenyewe imo ndani ya sabufa, kwa hiyo sabufa ikiungua na zile spika nyingine tano zinageuka mapambo. Risiva yangu ikifa kesho, spika zangu bado ni spika, nitazifunga kwenye amplifaya nyingine jioni hiyo hiyo.

Nianze na wati, maana huko ndiko wengi wanakoachia hela. Boksi linaandikwa wati elfu kumi PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Wewe geuza mashine uangalie kibandiko cha nyuma, pale penye volti. Ukikuta imeandikwa inavuta wati 60, basi hizo elfu kumi ni hadithi, kwa sababu hakuna mashine inayotoa nguvu kubwa kuliko inayoivuta ukutani. RX-V385, iliyotoka mwaka 2018, imeandikwa wati 70 kwa chaneli, yaani kwa kila spika, zikipimwa chaneli mbili kwa pamoja, kwa spika za omu 6 (omu ni kipimo cha ukinzani), kuanzia besi ya chini kabisa ya Hz 20 hadi sauti nyembamba ya 20,000. Sabini inasikika ndogo ukiwa umesimama dukani kati ya maboksi ya elfu kumi. Lakini tofauti ya wati 70 na wati 100 haifiki hata desibeli 2, na sikio la kawaida linaigundua kwa shida. Ili usikie sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo anayekuongezea laki mbili ili utoke 70 uende 100 amekuuzia namba.

Namba yenye maana zaidi iko kwenye spika: desibeli ngapi inatoa ikipewa wati moja ukiwa mita moja mbele yake. Diamond 9.1 ni 86, kwa hiyo si spika za kupiga kelele. Spika ya 89 ingefika sauti ile ile kwa nusu ya wati. Nilizichukua hivyo hivyo kwa sababu sebule yangu ni ndogo, kochi liko kama mita tatu kutoka kwenye TV, na kwa umbali huo wati chache tu zinatosha kuwafanya majirani wajue tunaangalia nini. Kama una ukumbi, au unataka muziki ufike uani siku ya shughuli, tafuta spika zenye namba ya juu zaidi.

Kuhusu risiva za mtumba, swali la kwanza la kuuliza ni imetoka nchi gani. Duka moja walikuwa na risiva kubwa zaidi, chaneli saba, kwa bei ya chini kuliko niliyolipa. Nikaomba igeuzwe. Nyuma imeandikwa AC 100V.

"Hiyo ya Japani, mkubwa. Unaweka transfoma tu, inapiga kazi vizuri," muuzaji akasema.

Hakunidanganya, transfoma inafanya kazi. Ila hesabu bei ya transfoma inayobeba risiva nzima bila kuchemka, halafu fikiria siku ambayo fundi, shemeji au mtoto ataichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 za ukutani. Hapo umeshazika hela. Za Marekani nazo ni volti 120, mkasa ni huo huo. Na redio yake? Kila aliyenunua gari kutoka Japani anajua zile redio zinazoanzia 76 na kuishia 90, nusu ya stesheni za mjini huzipati. Risiva nyingi za zamani za huko ndivyo zilivyo. Yangu ilikuja na kontena la Uingereza, imeandikwa 230V, na plagi yake ya miguu mitatu bapa inaingia kwenye soketi zetu bila adapta.

Kabla sijatoa hela niliomba izungushwe yote. Nilibeba waya wangu wa HDMI, nikaujaribu kwenye matundu yote manne ya kuingizia, moja moja, kwa sababu HDMI ndiyo ya kwanza kuharibika umeme ukicheza na ndiyo ghali kutengeneza. Nikahamisha spika moja kwenye kila chaneli nisikie kama ipo hai. Nikazungusha kitufe cha sauti taratibu nisikilize mikwaruzo. Nikamulika tochi ya simu kwenye matundu ya juu: vumbi linasafishika, lakini ukiona kinyesi cha mende kwenye bodi, aga uondoke. Mende hupenda joto la amplifaya na uchafu wao unakula shaba. Halafu nikadai maikrofoni ndogo ya kupimia spika inayokuja na risiva. Wauzaji wengi hawajui ni ya nini na huitupa, na bila hiyo unapoteza sehemu nzuri ya ulichonunua.

Spika zina ukaguzi wake. Kile kidude cha juu chenye umbo la kuba, kinachotoa sauti nyembamba, wateja wanapenda kukibonyeza kwa kidole, kikiwa kimebonyea punguza bei au acha. Ile kubwa iguse kwa vidole vya mikono yote miwili, isukume ndani polepole, sikiliza. Ikikwaruza, koili imepinda. Angalia ukingo wake pia: wa mpira hudumu, wa sponji huoza, na kwa unyevu wa pwani huoza haraka. Kama dukani hakuna amplifaya, betri ya volti 1.5 inatosha. Gusisha kwenye matundu ya waya mara moja, spika nzima itatoa "tap" na utaiona inaruka. Isipotikisika, sahau.

Risiva ilinigharimu laki tano na nusu, spika laki tatu na themanini elfu. Kilichobaki kikaenda kwenye stabilaiza, ambayo kwa umeme wetu si anasa, na kwenye waya. Kwenye waya usidanganyike na ule mnene unaong'aa unaouzwa maalumu kwa spika. Chana kidogo ukwangue kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba. Nilikwenda duka la vifaa vya umeme nikanunua waya laini wa shaba wa milimita 1.5, wa nyuzi mbili, kwa mita. Haupendezi, unafanya kazi.

Sasa kufunga. Maikrofoni unaichomeka mbele, unaiweka pale kichwa chako kinapokuwa ukikaa (mimi niliiegesha juu ya rundo la vitabu kwenye kochi), unafukuza watu, unazima feni, inaanza kupiga milio spika moja baada ya nyingine. Yamaha wanauita mpango huo YPAO. Inapima umbali wa kila spika na kusawazisha sauti. Inapomaliza, ingia kwenye menyu uhakikishe imeelewa kwamba huna spika ya kati wala sabufa. Palipoandikwa spika ya kati pawe "None", na sabufa vivyo hivyo, ili mazungumzo na besi vyote vipelekwe kwenye spika mbili za mbele. Ukiiacha inaamini kuna sabufa ambayo haipo, besi inatumwa kwenye tundu tupu, halafu utalaumu spika za watu.

Jioni ya kwanza tuliangalia mpira. Kelele za uwanja zilitoka kuanzia ukuta wa huku hadi wa kule, na mtangazaji akakaa katikati, kwenye kioo, wakati katikati hapakuwa na spika yoyote. Mwenzangu alinyanyuka kwenda kuchungulia nyuma ya TV. Ndivyo spika mbili zilizowekwa sawa zinavyofanya: sauti iliyo sawa pande zote masikio huiona katikati. Kasoro ni kwamba inategemea umekaa wapi. Aliyeko kwenye kiti cha pembeni anasikia mazungumzo yakitoka spika iliyo karibu naye. Kama mnaangalia wawili kochi moja, hamtahitaji spika ya kati mwaka mzima. Kama sebule yako ni ya watu saba usiku wa tamthilia, hiyo ndiyo ya tatu kununua, na itafute ya familia ile ile ya Diamond 9 ili sauti ya mtu isibadilike anapotembea kutoka kushoto kwenda kulia.

Kwenye muziki ndipo nilipoona hela yangu imekwenda wapi. Taarabu ya zamani, ile yenye qanuni na fidla nyingi, kwenye sabufa yetu ya awali ilikuwa uji: besi mbele, kila kitu nyuma yake. Hapa unamsikia mpiga qanuni kwa upande wake, fidla kwa upande wao, na mwimbaji akivuta pumzi. Bongo fleva inahitaji mzigo zaidi wa chini kuliko spika ya inchi 5 inavyoweza kubeba, hilo nalikubali.

Suluhisho lilikuwa stoo. Ile sabufa ya zamani ya spika mbili ndogo nilizichomoa spika zake, nikachukua waya wa RCA kutoka tundu la sabufa nyuma ya risiva hadi kwenye tundu lake la kuingizia sauti. Sauti yake nikaiweka katikati, besi yake pia katikati, nikarudia kupima na maikrofoni. Kisha kwenye menyu spika za mbele nikaziandika "Small" na mkato nikauweka Hz 80, maana yake chini ya hapo kazi yote ni ya sabufa na spika ndogo zinapumua. Si besi ya kifahari, ina noti moja inayoipenda kuliko nyingine, lakini haikunigharimu zaidi ya bei ya waya, na mlipuko kwenye filamu sasa unasikika kifuani.

RX-V385 haina Wi-Fi. Muziki wa simu unaingia kwa Bluetooth, kwangu inatosha. Haina Dolby Atmos, ile sauti inayotoka hadi juu ya kichwa, na kwa sebule ya kupanga yenye dari la jipsamu la mwenye nyumba sikuwa na mpango wa kutundika spika juu. Ina njia ya kurudisha sauti kutoka TV kwa waya ule ule wa HDMI, yaani ARC, kwa hiyo hata filamu za kwenye flashi zinapita. Ila jihadhari: TV nyingine hazisomi sauti ya DTS, mojawapo ya mifumo ya sauti za filamu, ukikuta filamu picha ipo sauti hakuna, kosa si la risiva. Na iache wazi kwa juu. Ukiisukumia ndani ya kabati la TV lililofungwa, kwa joto la Dar la mwezi wa pili, itajizima.

Nina matundu matatu ya spika bado matupu. Za nyuma zitachelewa, kwa sababu waya utapita mlangoni na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Ile ya kati naitafuta polepole. Lakini sakafu yangu ni vigae vitupu na madirisha ni vioo, piga kofi unasikia ukumbi wa shule, kwa hiyo hela ijayo inakwenda kwenye zulia nene na mapazia.