mise kwenye siai: skripti yangu ya bash nimeifuta na sijajuta

Niseme ukweli mi nilikuwa mtu wa curl, ile amri ya kudaunlodi mafaili. Kwenye siai (CI, mashine zinazojenga na kujaribu kodi kila mtu akipush) job ikihitaji kifaa kama kubectl naandika mstari wa curl, chmod +x, nahamishia /usr/local/bin, kazi imeisha, kesho yake inatakiwa jq napachika mwingine, keshokutwa terraform, hivyohivyo mpaka ikawa skripti ya mistari themanini na kitu ambayo hakuna mwenzangu aliyetaka kuigusa na hata mimi mwenyewe nilikuwa naifungua kama mtu anayefunua sufuria ya juzi.

Kilichonitoa huko ni yq, kifaa cha kusoma na kuhariri mafaili ya yaml. Watu wengi hawajui kwamba yq ziko mbili, moja imeandikwa kwa Go na nyingine kwa Python, jina moja ila sintaksi kila moja na yake. Kwenye laptop yangu nilikuwa na ya Go, kwenye siai tulikuwa tunatumia kontena ya Debian na mimi nimeandika apt install yq, nikapewa ya Python. Laptop inapita, siai inakufa. Saa tatu nzima naikagua yaml yangu nafasi kwa nafasi kumbe yaml haina kosa lolote, uzembe wangu tu.

Ndo nikahamia mise. Ni programu moja ya Rust inayokusakinishia vifaa vyote kwa matoleo uliyoyataja, zamani iliitwa rtx wakabadili jina mwanzoni mwa 2024 (wenyewe wanatamka "miiz", mi naisoma kiswahili tu na inaeleweka). Unaweka faili la mise.toml kwenye repo, ndani, chini ya [tools], unaandika terraform = "1.9.8", yq = "4.44.3", basi. Kwenye laptop unaandika mise install, kwenye GitHub Actions (siai ya GitHub) unaita action ya jdx/mise-action, kwingine kote ni mise install ileile. Kama ulikuwa na .tool-versions ya asdf (programu nyingine ya kazi hiihii) nayo inaisoma, huna haja ya kuanza upya.

Raha niliyoipata kuliko zote ni kuachana na majina ya mafaili. Aliyewahi kuandika hizi skripti ananielewa, unauliza aina ya prosesa, uname -m inakwambia x86_64 halafu faili la kudaunlodi linaitwa amd64, inakwambia aarch64 faili linaitwa arm64, mwingine kaandika Linux kwa L kubwa, mwingine kaweka v mbele ya namba ya toleo mwingine hajaweka. Yote hayo siyajui tena, na sitaki kuyajua.

Usalama nao. Mwaka 2021 skripti ya bash ya Codecov (huduma ya kupima kodi imejaribiwa kiasi gani) iliingiliwa ikawa inaiba siri za watu kutoka kwenye siai, na aliyeshtuka ni mteja aliyelinganisha cheksamu (alama inayobadilika faili likiguswa) akaona haziendani. Sisi wa curl paipu bash, tunaodaunlodi na kuendesha hapohapo, tulikuwa tunalinganisha nini? mise ukiwasha mise.lock inakuhifadhia cheksamu. Ila mise-action yenyewe nayo ifunge kwa SHA ya komiti (namba isiyoweza kuhamishwa), usiiache kwenye tagi, maana Machi 2025 tagi za action nyingine, tj-actions/changed-files, zilihamishwa zikaelekezwa kwenye kodi chafu, na waliokuwa wanaamini tagi ndo walioumia.

Sasa kero. mise inauliza API ya GitHub mara nyingi, na bila tokeni unaruhusiwa maombi 60 tu kwa saa kwa IP moja, kwahiyo rana zenu (mashine zinazoendesha job) zikiwa zinatoka kwa IP moja, asubuhi watu wakianza kupush mtaziona 403, yaani mmekataliwa. Mpe GITHUB_TOKEN, ndani ya Actions inakupa 1,000 kwa saa kwa kila repo. Ya pili, usikopi mise activate kutoka kwenye .bashrc yako, ile ni ya terminali unayokaa mbele yake, kwenye siai tumia shims (vijifaili vya mise vinavyoita toleo sahihi) au mise exec, hapa nilipoteza mchana.

Kama repo yako inataka Node peke yake, baki na setup-node, action ya GitHub ya kusakinisha Node, ina kashe yake na inatosha kabisa, usijitafutie mambo.

Na maktaba za sistimu kama libpq (ya kuunganisha na PostgreSQL) mise haizishughulikii, kwahiyo apt bado ipo kwenye faili langu. Mistari mitatu. yq haimo.