Microsoft na Activision au Sony na Bungie, dili lipi baya zaidi?

Oya wanangu, juzi tuko kibanda cha gemu hapa Mwanjelwa, Mbeya, baridi lile la mwezi wa saba mpaka vidole vinagoma kubonyeza pedi, ubishi ukaanza, kati ya Microsoft (wenye Xbox) kuinunua Activision Blizzard, watengenezaji wa Call of Duty, na Sony (wenye PlayStation) kuinunua Bungie, watengenezaji wa Destiny, lipi linatuumiza zaidi wachezaji?

Kwa hela tu hawapo ligi moja. Yote yalitangazwa Januari 2022, Microsoft dola bilioni 68.7, Sony bilioni 3.6, na la Sony likaisha Julai hiyohiyo kimyakimya. La Microsoft ndo lilisota, FTC, wasimamizi wa ushindani wa biashara Marekani, ikawapeleka mahakamani ikashindwa kulizuia, CMA, wenzao wa Uingereza, ikagoma kabisa Aprili 2023 ikihofia soko la gemu za kustrimu (unacheza moja kwa moja kupitia intaneti), mpaka haki za kustrimu zikaenda kwa Ubisoft ndo likapita Oktoba. Na aliyelia kuliko wote ni Sony huyohuyo, anaogopa Call of Duty itaondolewa PlayStation, akaishia kusaini na Microsoft mkataba wa miaka 10 ibaki huko (kibandani kwetu Xbox hata moja hamna, so hapo tulikuwa upande wa Sony bila kupenda).

Mimi la Microsoft ndo linanitisha, Bungie gemu yao Destiny 2 bado watu wa Xbox wanacheza, ila ile miaka 10 ya Call of Duty si inaisha, halafu?

Kwa wafanyakazi sasa hakuna afadhali, 2024 Microsoft walipunguza watu 1,900 kitengo cha gemu, Bungie nao 220.