Hifadhidata imesambazwa, lakini ripoti moja ilisimamisha kaunta zetu zote

Mtu akikuuzia hifadhidata iliyosambazwa kwenye seva kadhaa, halafu akakuambia kwamba kwa sababu imesambazwa huna haja ya kutenganisha kazi ya ripoti na kazi ya mauzo, mtoe ofisini. Sisi tulishikwa kwa maneno hayo hayo, na bosi akalipa kwa dola.

Mimi ndiye ninayesimamia kompyuta za duka moja la jumla hapa Lubumbashi. Tunauza unga, mafuta, sukari na sabuni. Tuna depo hapa mjini, Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa, na zote zinaandika mauzo kwenye mfumo mmoja. Hifadhidata yenyewe ni TiDB, na hiyo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kampuni iliyokuja kuifunga na ambayo mpaka leo inakula pesa ya matengenezo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa ile depo inajaa mpaka watu wanasimama nje. Bosi akafungua ripoti ya faida ya kila bidhaa, mwaka mzima, depo zote. Hapo hapo kaunta zikaganda. Ningeelewa kama ingekuwa depo moja. Lakini Kolwezi wanapiga simu, Kasumbalesa wanapiga simu, wote wanalia kilio kimoja. Mbele yangu kuna mama mmoja ameshalipa kwa simu, mifuko yake ya unga imeshapangwa kwenye pusupusu, na risiti haitoki. Bila risiti mlinzi haruhusu mzigo kupita mlangoni, ndiyo sheria ya nyumba. Keshia anaangalia kiduara kinachozunguka kwenye skrini. Mama akaniambia kwa upole kabisa: "Papa, makuta ilishatoka kwa simu yangu. Unga yangu iko wapi?"

Nikampigia injinia wao, simu kwenye spika kwa sababu mikono yangu ilikuwa kwenye kibodi. Akajibu, watu wote wakisikia: "Mwambie huyo mama angoje, hakuna mtu amekufa kwa kungoja unga." Kisha akaniambia na mimi nisimsumbue kwa mambo ya kaunta, mfumo umesambazwa, nikiona uzito ninunue seva nyingine. Akakata.

Yule mama alisikia kila neno. Amenunua kwetu tangu depo hii ilipokuwa chumba kimoja. Akadai makuta yake, akarudishiwa, akaenda kwa jirani. Hajarudi.

Wiki iliyofuata injinia alikuja ofisini, na bado hakuomba radhi. Alisema tatizo haliwezi kuwa ripoti, kwa sababu kwenye TiDB kusoma hakufungi kuandika: ripoti inasoma picha ya data ya wakati fulani, mauzo yanaendelea kuandika matoleo mapya. Hilo ni kweli. Lakini ni nusu ya ukweli, na mtu anayelipwa kwa kazi hii anajua nusu ya pili. Hata kama hawafungiani mlango, wanagombania prosesa ile ile, diski ile ile na kumbukumbu ile ile. Ripoti ya mwaka mzima inasoma jedwali lote la mauzo, inasukuma nje ya kumbukumbu vipande ambavyo kaunta inavihitaji kila dakika, na kaunta inaanza kungoja diski.

Na kule "kusambazwa" anakojivunia ndiko kulikotuumiza zaidi! Data ikiwa imegawanywa kwenye seva zote, swali linalotaka data yote linazigonga seva zote kwa mara moja. Ndiyo maana Kolwezi waliganda pamoja na sisi. Ni sawa na kusimamisha malori yote barabarani ili uhesabu mifuko iliyomo: kuongeza lori moja hakuondoi kusimama. Seva ya ziada ingepunguza uzito kidogo, sikatai, lakini ripoti ingeifuata na huko.

Nilimfungulia mpango wa swali kwa EXPLAIN, amri inayoonyesha hifadhidata itatafuta jibu kwa njia gani, mbele ya macho yake. Mstari wa kusoma jedwali la mauzo ulikuwa umeandikwa TableFullScan, yaani kusoma jedwali zima, na pembeni yake cop[tikv], yaani kazi inafanyika kwenye TiKV. TiKV ndiyo sehemu inayohifadhi data kwa mistari, ambayo ndiyo kaunta inaandika humo. Mstari mmoja una kila kitu cha muuzo mmoja, kwa hiyo kuandika au kutafuta risiti moja ni haraka. Lakini ukitaka jumla ya bei tu, unalazimika kubeba pia jina la keshia, namba ya simu na mambo yote mengine usiyoyahitaji. Wala si jambo lililogunduliwa jana. Edgar Codd, yule aliyeweka msingi wa hifadhidata za majedwali mwaka 1970, mwaka 1993 alikuwa tayari anaandika kwamba uchambuzi ni kazi ya aina yake, yenye mahitaji yake.

Kilichonikasirisha zaidi ni kwamba dawa ilikuwa ndani ya bidhaa ile ile waliyotufungia, na hawakuigusa. TiDB ina TiFlash, tangu toleo la 4.0 la mwaka 2020. TiFlash inahifadhi nakala ya jedwali kwa safu, si kwa mistari: bei zote pamoja, tarehe zote pamoja, na ripoti inachukua safu inazozitaka tu. Inapokea kila badiliko kwa njia ya Raft, utaratibu ambao seva zinakubaliana kwa kura juu ya kila kinachoandikwa, lakini yenyewe haipigi kura, kwa hiyo muuzo haungojei TiFlash ndipo ukubaliwe. Na ripoti ikifika, TiFlash inauliza kwanza kwa kiongozi, ile nakala ya TiKV inayopokea maandishi kwanza, data imefika wapi, inangoja mpaka ifike hapo, ndipo inajibu. Bosi anaona kilichouzwa sasa hivi. Kwetu hilo si anasa, maana bei ya franka inafuata dola, na akiagiza lori kwa hesabu ya jana anaweza kuagiza kwa hasara. Kunakili usiku kwenda kwenye hifadhidata nyingine, kama injinia alivyopendekeza baadaye, kungetupa hesabu iliyolala.

TiFlash ikishafungwa, kuiwasha kwa jedwali ni amri moja: ALTER TABLE mauzo SET TIFLASH REPLICA 1. Moja!

Nilidai waiweke. Wakaiweka, nikaanza kuwasamehe, hata nilitaka kuandika kwamba wamejirekebisha. Halafu mwisho wa mwezi kaunta zikaganda tena. Kwenda kuangalia, TiFlash wameipachika kwenye mashine ile ile ya TiKV, eti kupunguza gharama. Wamebadilisha namna ya kuhifadhi, lakini prosesa ni ile ile, diski ni ile ile! Maelekezo ya TiDB yenyewe yanashauri ziwe kwenye mashine tofauti. Hapo nilipandisha sauti mbele ya bosi, na sijutii.

Tukanunua mashine moja yenye kumbukumbu kubwa, kwa ajili ya TiFlash peke yake. Nikaangalia information_schema.tiflash_replica, jedwali linaloonyesha nakala imefika wapi, mpaka PROGRESS ikafika 1, yaani imekamilika. Kwa upande wa ripoti nikaweka tidb_isolation_read_engines, mpangilio unaosema swali lisome wapi, isome tidb na tiflash tu, kwa sababu ukiiacha TiDB ichague yenyewe, siku nyingine inaweza kuona TiKV ni nafuu na kuirudisha ripoti kwenye mashine za kaunta. Nikafungua EXPLAIN tena: mpp[tiflash], yaani ripoti sasa inafanyiwa kazi kwenye TiFlash. Nilipiga kelele ya furaha, keshia akakimbia kuja kuona kuna nini.

Mwisho wa mwezi uliopita bosi alifungua ripoti ile ile Jumamosi, depo imejaa. Risiti zilikuwa zinatoka moja baada ya nyingine kama siku ya kawaida, na ripoti yake ilifika kabla hajamaliza kunywa chai. Kasumbalesa hakuna aliyepiga simu. Kwa hiyo bidhaa naipa nyota tano, kwa moyo wote.

Kampuni nilitaka kuipa mbili, kwa sababu hatimaye kazi imefanyika. Lakini kila nikikumbuka mama yule amesimama mbele ya mifuko aliyokwisha kuilipia, anasikia sauti ya mtu anayelipwa kwa makuta yake akimwambia angoje, hata hiyo ya pili naiondoa. Kufunga vibaya kunarekebishika. Kumtukana mteja wa watu mbele ya watu, hapana. Nikipata fundi mwingine hapa Lubumbashi anayeijua TiFlash na anayejibu simu kwa heshima Jumamosi jioni, mkataba nauhamisha mwezi huu huu, bosi ameshakubali.