Uzoefu wangu: seti ya breki za dramu za nyuma kwa pikapu ya zamani

Seti hii nimeifunga kwenye pikapu ya zamani yenye breki za dramu nyuma, zile ambazo shuu mbili (vyuma vilivyopinda vinavyobana dramu kwa ndani) zimeunganishwa chini na adjasta (kirekebishi cha nafasi kati ya shuu na dramu) na husukumana breki inapokanyagwa. Ndani ya boksi mna shuu nne, springi za kurudishia, springi za kubania shuu pamoja na pini na vikombe vyake, waya za adjasta, na adjasta mbili, ya kushoto na ya kulia. Whili silinda, yaani silinda ndogo za mafuta zinazosukuma shuu, hazimo. Naipa nyota nne kati ya tano.

Ninachokisifu zaidi ni springi. Wengi hununua shuu peke yake, wakarudishia springi zilezile zilizopikwa na joto miaka nenda miaka rudi. Springi iliyolegea haiirudishi shuu yote, shuu inaendelea kugusa dramu, joto linapanda, na lainingi mpya (tabaka la msuguano juu ya shuu) inakwisha kabla ya wakati wake. Springi nzima, ikiwa haijavutwa, mizunguko yake imebanana. Ukiona mwanya katikati, au chuma kimegeuka bluu, itupe. Za seti hii zimebana vizuri na zinavutika kwa shida, ndivyo inavyotakiwa.

Shuu ni nzuri, ila zinataka macho. Yenye lainingi fupi inakaa mbele, yenye lainingi ndefu inakaa nyuma, maana hiyo ya nyuma ndiyo inayobeba kazi kubwa. Hazikuandikwa popote. Kabla ya kufunga, iweke shuu ndani ya dramu uangalie inavyokaa: inatakiwa iguse katikati na kuacha upenyo mdogo sana kwenye ncha. Ikigusa kwenye ncha tu, breki zitashika kwa ghafla na kupiga kelele.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya adjasta. Nyuzi zake (mifereji ya skrubu) zilikuja kavu, na nyingine zina vinyweleo vya chuma. Zisugue kwa brashi ya waya, paka grisi ya breki inayostahimili joto, kisha zungusha hadi ziende kwa vidole. Usichanganye pande: nyuzi za kushoto na za kulia zinapingana. Ukizibadilisha, kila breki inapojirekebisha inazifunga shuu badala ya kuzipanua, na pedali inazidi kushuka siku hadi siku. Fundi asiyejua hapo atakimbilia kubadilisha masta silinda (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali) bure.

Kuhusu kufungua: kingia magurudumu ya mbele, achia handibreki, egemeza gari kwenye stendi, si jeki tupu. Dramu ikigoma, mara nyingi ni ukingo wa kutu ulioshika shuu. Pitisha bisibisi nyembamba kwenye tundu la bekipleti (bamba la nyuma ya breki), sukuma mkono wa adjasta uachane na nyota yake (gurudumu dogo lenye meno), ndipo uzungushe nyota hiyo kurudi. Dramu nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi. Funga boliti humo kwa zamu, dramu itajisukuma yenyewe. Usiupige ukingo kwa nyundo, chuma cha kumiminwa hupasuka. Vumbi usilipulize kwa upepo wa kompresa, kwani lainingi za zamani huenda zina asbesto. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa.

Fungua upande mmoja tu kwa wakati, ule mwingine uwe kielelezo chako.

Kisha dramu yenyewe. Kipenyo cha juu kabisa kimechongwa au kumiminwa juu yake. Kikipita hapo, hakuna cha lethi (mashine ya kuchonga), nunua nyingine. Ukichonga moja, chonga na mwenzake kiasi kilekile, la sivyo gari litavuta upande.

Funua mpira wa vumbi wa whili silinda. Unyevu kidogo si tatizo, mafuta ya breki yaliyotuama ndani ni tatizo. Mafuta mazito yenye harufu kali yanatoka kwenye difu, na hapo kosa ni la sili ya eksele. Ukifunga shuu mpya bila kuibadilisha umezitupa. Lainingi iliyolowa haiponi kwa petroli. Kwenye bekipleti kuna sehemu sita ambazo shuu huteleza juu yake: zikichimbika, shuu hunasa humo. Zisawazishe, kisha paka grisi kiduchu mno.

Legeza waya wa handibreki kabla ya kuseti. Ukiwa umebana, shuu hazifiki kwenye pini ya juu na kila kipimo kinakuwa cha uongo. Panua adjasta mpaka dramu iingie kwa kukwaruza kidogo tu, halafu kaza handibreki mwisho. Ukibadilisha silinda, toa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na pikapu yenye vali ya uzito (inayopima breki za nyuma kulingana na mzigo) juu ya eksele ya nyuma, vali hiyo nayo itolewe upepo kama ina nipo yake (skrubu ya kutolea upepo). Pedali usiizamishe mpaka chini. Kwenye masta silinda ya zamani, mipira hupita kwenye kutu na kuchanika.

Mwisho, rudi nyuma polepole na kukanyaga breki mara kadhaa, kwa maana adjasta za aina hii hufanya kazi gari linaporudi nyuma.