Dobbs au Plainview: nani kaharibiwa zaidi na tamaa?

Ukitaka kumwona mtu akiliwa na tamaa mpaka mifupani, una wawili wa kuchagua kwenye filamu: Fred C. Dobbs wa The Treasure of the Sierra Madre (1948), na Daniel Plainview wa There Will Be Blood (2007).

Dobbs, aliyeigizwa na Humphrey Bogart, anaanza akiwa fukara anayeombaomba mitaani Tampico, Meksiko. Dhahabu ndiyo inayomvuruga. Anakosa usingizi, anaongea peke yake, na mwishowe anampiga risasi mwenzake Curtin. Akirudi kumzika, maiti haipo (Curtin kajikokota, yu hai). Kisha majambazi wanamuua Dobbs kwa panga, na vumbi la dhahabu wanalimwaga wakidhani ni mchanga.

Plainview wa Daniel Day-Lewis ni habari nyingine, kwani yeye anapata: mafuta ya California, jumba, kila kitu. Hapo ndipo panapouma. H.W., mtoto aliyemlea, anapopoteza uwezo wa kusikia kwa mlipuko wa kisima, Plainview anampandisha treni, kisha anashuka na kumwacha. Miaka baadaye anamwambia usoni kwamba si damu yake, alimhitaji tu awe sura nzuri ya kununulia ardhi.

Dobbs namhurumia kidogo, maana kwake njaa ilitangulia tamaa. Plainview, hapana. Kwa jioni ya mapumziko anza na Bogart. Mzee Howard, mchimba dhahabu mwenzake Dobbs, aliyeigizwa na Walter Huston, atakuchekesha. Plainview mwekee siku yenye moyo mgumu na dakika 158 za kukaa.