Kliniki ya Kibofu kwa Watu Wazima Wenye Mgongo Wazi: Tathmini ya Mtumiaji

Kliniki ninayoitathmini hapa huwahudumia watu wazima tuliozaliwa na mgongo wazi (spina bifida, hali ambapo uti wa mgongo haukujifunga vizuri kabla ya kuzaliwa), na kazi yake kubwa ni kuchunguza figo na kibofu cha mkojo kila mwaka. Naipendekeza kwa dhati, hasa kwa namna inavyoishughulikia saratani ya kibofu, ugonjwa ambao wengi wetu hatukuelezwa habari zake tulipokuwa mikononi mwa madaktari wa watoto.

Daktari hakutumia hofu kunielimisha. Alieleza kwamba saratani hii ni nadra hata miongoni mwetu, ila inapotokea huwapata watu wakiwa bado vijana kuliko ilivyo kwa wagonjwa wengine, mara nyingi katika miaka ya 40 au hata kabla, na kwa kawaida hugunduliwa ikiwa imekwisha kupenya msuli wa kibofu. Kwa kuwa neva zinazokiongoza kibofu hazifanyi kazi ipasavyo, mkojo hubaki ndani, maambukizi hujirudia, mawe hujijenga, na baadhi yetu huishi na mpira wa mkojo kwa miaka mingi. Ukuta unaochokozwa muda wote huo unaweza hatimaye kubadilika. Ndiyo maana saratani ya seli bapa (seli nyembamba zinazofanana na magamba), aina ile ile inayohusishwa na kichocho, huonekana kwetu zaidi. Waliopanuliwa kibofu kwa kipande cha utumbo nao hufuatiliwa kwa karibu, ingawa wataalamu bado wanabishana iwapo hatari inatokana na upasuaji wenyewe au na hitilafu iliyokuwapo tangu kuzaliwa.

Kinachoitofautisha kliniki hii ni mahojiano kuhusu dalili, na uzito unaopewa majibu yake. Kwingineko, damu kwenye mkojo wa mtu mwenye mgongo wazi huchukuliwa kuwa ni maambukizi yale yale ya siku zote. Mgonjwa huandikiwa dawa na kurudishwa nyumbani, tena bila kulalamika sana, kwa sababu wengi wetu hatuhisi maumivu sehemu hiyo. Hapa damu inayoonekana kwa macho, maambukizi yanayoongezeka kuliko mazoea ya mgonjwa, kuvuja kulikoanza ghafla au figo iliyoonekana kuvimba kwenye ultrasaundi ni sababu tosha ya kuingiza kamera kibofuni na, ikibidi, kuchukua kinyama cha kupimwa. Hawamwekei kila mtu kamera kila mwaka, na nakubaliana nao, kwa kuwa haijathibitika kwamba utaratibu huo huokoa maisha, na uvimbe unaweza kujitokeza kati ya kipimo kimoja na kingine.

Glavu na mipira yao ya mkojo haina lateksi (mpira wa asili), jambo la lazima kwetu, kwani mzio wake ni wa kawaida sana kwa watu wenye mgongo wazi.

Kasoro zipo. Kitanda cha uchunguzi kiko juu sana na hakishuki, hivyo anayetumia kiti cha magurudumu hulazimika kunyanyuliwa, jambo linalovunja heshima na lisilostahili katika huduma iliyoundwa kwa ajili yetu. Suala la tumbaku, ambayo ni chanzo kinachojulikana cha saratani ya kibofu, liliulizwa juu juu tu, bila msaada wowote kutolewa kwa anayetaka kuacha. Aidha, kumbukumbu za matibabu ya kwingine haziwafikii, kwa hiyo anayekwenda mara ya kwanza aandike tarehe za maambukizi yake, upasuaji aliofanyiwa na kila mara alipoona damu.